Mita Yangu Iko Wapi?

Mhadhara kwa wazee wa kanisa, watunza hazina na wajumbe wa kamati za ujenzi

Aliyenialika alinipigia simu akasema, "Mzee, njoo utufundishe mbinu za kuchangisha waumini hela ya kiwanja." Nikamwambia mbinu mnazo kunishinda. Nimeona kwa macho yangu jogoo mmoja akiuzwa mara sita katika mnada baada ya ibada. Kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena, mpaka mwisho jogoo yule akawa ameleta hela ya kununua banda zima na kuku wake. Watu wanaoweza kufanya hivyo hawana haja ya kufundishwa kuchanga.

Kwa hiyo leo nitakaa zaidi upande wa pili, upande wa daftari. Nilikuwa mtunza hazina wa usharika mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam, kando ya barabara ya Morogoro, enzi zile tukisali chini ya turubai kwenye uwanja wa nyumba ya muumini. Masika yakiingia, mahubiri yalishindana na maji yaliyotuama juu ya turubai. Kijana mmoja alikuwa na kazi maalumu ya kuyasukuma kwa mti wa ufagio, na mara nyingine aliwamwagia waimbaji wa sauti ya kwanza. Tukaamua kutafuta kiwanja.

Mtu anaweza kuuliza, hivi zamani makanisa yalipataje ardhi? Kwa sehemu kubwa yalipewa. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikaa pale ambapo mangi aliwaruhusu. Kule Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, sehemu ya uwanja ule ilinunuliwa na mmisionari Arthur West kwa fedha zake, na sehemu nyingine ikatolewa bure na mfanyabiashara Banyani, Jairam Senji. Ndiyo, Banyani. Kanisa kuu la Anglikana lililojengwa pale chini ya Askofu Edward Steere limesimama kwenye udongo ambao kwa sehemu ni zawadi ya mtu asiyesali humo. Kuchanga senti kwa senti mpaka kipatikane kipande cha ardhi kwa bei ya sokoni, mbele ya dalali anayetazama saa, ni mambo ya kizazi chetu. Na kwa kuwa ni mapya, tunakosea sana.

Tulioneshwa viwanja viwili. Cha kwanza kilikuwa karibu kabisa na barabara kuu, kanisa lingeonekana na abiria wa kila basi liendalo Morogoro, na bei yake ilikuwa milioni 28. Cha pili kilikuwa ndani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mita 40 kwa 60, milioni 36. Mtu yeyote mwenye akili timamu angechukua kile cha kwanza, na baraza la wazee lilikuwa na akili timamu. Kilichotuokoa ni mzee mmoja, fundi seremala aliyestaafu Ujenzi, mtu wa maneno machache na mwenye futikamba mfukoni hata siku ya Pasaka. Alitutaka twende naye barabarani. Akasimama katikati ya lami, magari yanampigia honi, akamshikisha kijana ncha moja ya futikamba ya mita 30, akaanza kuvuta kuelekea kiwanjani. Akavuta mara nne. Mara ya nne tulikuwa tumesimama katikati ya kiwanja chetu cha milioni 28.

"Hapa ni barabara," akasema.

Tulimcheka kidogo, kwa heshima. Barabara gani, wakati pana migomba na nyumba ya bati? Akatueleza kwamba eneo lile lina sheria ya barabara tangu wakati wa Mwingereza, tangu mwaka 1932, na kwamba hifadhi ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengine wakasema mzee anaturudisha nyuma kiimani. Mwishowe tukamfuata, zaidi kwa kuchoka kubishana naye kuliko kwa kumwamini. Mwaka 2017, bomoabomoa ya kupanua barabara ilipopita kutoka Kimara hadi Kiluvya, nyumba zaidi ya elfu moja zilikwenda chini, na nyumba za ibada zilikuwamo. Zilikuwa na waumini waliochanga kama sisi, waliouza majogoo kama sisi. Mjue basi kwamba mzee huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa, maana ndiye atakayenitia aibu hapo mbele.

Tukabaki na milioni 36. Usharika ulikuwa na kaya 120. Nikaandika ubaoni kwa chaki: milioni 36 gawanya kwa 120, kila kaya laki tatu. Hesabu imenyooka, baraza likaipitisha kabla chai haijapoa. Jumapili ilipotangazwa, waumini wakaitikia amina, lakini ile amina fupi ambayo kila aliyewahi kusimama madhabahuni anaijua, amina ya mtu anayetafuta viatu vyake. Miezi mitatu ikapita, tukawa na milioni nne na kidogo, nazo zilitoka katika nyumba zilezile kumi na moja ambazo zingetoa hata kama tusingetangaza.

Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu kaya kana kwamba kaya ni matofali, yote ya kipimo kimoja. Katika kaya hizo 120 alikuwamo mwalimu mkuu aliyelipwa mafao yake mwaka uleule, na alikuwamo kijana wa bodaboda ambaye pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri hata kama siku imelala. Alikuwamo mama auzaye vitumbua kituoni. Ukimwambia mama wa vitumbua laki tatu, umemwambia asije. Na kweli wako walioacha kuja. Mjane mmoja alipofuatwa nyumbani kuulizwa kulikoni, akajibu kwamba amehamia kanisa ambalo hadaiwi.

Niseme neno juu ya wajane, kwa sababu hakuna changizo lisilowaita. Mahubiri ya siku ya kuchangia kiwanja ni yaleyale nchi nzima: mjane maskini na senti zake mbili. Nimeyasikia mara nyingi mno. Lakini mfungue Marko au Luka, msome mistari iliyotangulia kisa kile. Yesu ametoka tu kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane, na wino haujakauka, mjane anaingia na kutoa chote alicho nacho. Kwa nini waandishi wa Injili wote wawili wameyaweka mambo haya mawili pamoja, sina elimu ya theolojia ya kuwajibu, wachungaji mko hapa. Ninachojua ni kwamba mhubiri huanza kusoma pale panapomfaa, na mjane hujikuta anasifiwa kwa kumaliza akiba ya dawa.

Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyetutoa matopeni. Binti mdogo, hata kwenye kamati hakuwamo. Akasema kiwanja ni mita za mraba 2,400, kwa hiyo mita moja ni shilingi 15,000. Kwa nini mtu asinunue mita moja? Akaunganisha karatasi za manila, akachora miraba 40 kwenda huku na 60 kwenda kule, akazitundika kwenye nguzo ya turubai. Atakayemaliza kulipia mita anapewa kalamu ya rangi apake mraba wake mwenyewe.

Ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Ibada ikiisha, watu hawaondoki, wamezingira manila. Mama wa vitumbua alilipa elfu tano Jumapili tatu mfululizo, akapaka mraba wake rangi ya machungwa, akasimama akiutazama kama anayetazama mtoto aliyelala. Watoto walijaza sarafu katika chupa ya maji mpaka wakapata mita nne. Kijana wa bodaboda alikuwa anatuma kwa simu usiku wa manane, elfu mbili, elfu moja na mia tano, na mimi asubuhi naandika kwenye kauntabuku kabla sijasahau. Mwalimu mkuu alichukua mita mia moja, akaomba asizipake zote pamoja, azitawanye, ili asionekane. Fundi wetu seremala alichukua mita tano. Alichagua kwa makini, safu ya pembeni upande wa mashariki, akapaka kwa kalamu ya bluu bila kutoka nje ya mstari hata kidogo.

Katika miezi kumi na minne manila ilijaa. Tulipiga vigelegele. Kisha nikafanya hesabu ya kweli nikaona kwamba nimekosea tena.

Bei ya kiwanja na gharama ya kukipata ni vitu viwili. Kuna mwanasheria, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, kuna mpimaji na bikoni zake, kuna dalali, kuna kuomba kubadilisha matumizi, maana eneo lilikuwa la makazi na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haikuruhusu tu kujenga kanisa katikati ya nyumba za watu kwa kuwa tunampenda Bwana. Na kuna ile asilimia kumi ambayo ofisi za mitaa zimezoea kudai kwa kugonga muhuri mkataba wa mauziano, na wengi hulipa bila kuuliza imeandikwa wapi. Sisi tuliuliza. Hatukujibiwa, tukacheleweshwa wiki tano, lakini hatukulipa. Yaliyobaki yalifika milioni 4 na laki 8. Yaani mita moja ilipaswa kuwa 17,000 tangu siku ya kwanza. Miraba imekwisha, hela haijatosha, na mtu aliyekwisha kupaka mraba wake ukimwambia bado elfu mbili anakuona tapeli. Nilisimama mbele ya ibada nikaeleza kosa langu, tarakimu kwa tarakimu. Ilichukua miezi minne kuziba pengo lile, na jogoo wetu akafanya kazi tena.

Katika kungoja huko ndipo lilipotokea jambo ambalo hadi leo linaniuma. Akaunti ilikuwa na milioni 36, imekaa kimya benki, na baraza lilikuwa na shida ya fedha za semina na vyombo vya muziki. Likaamua kuazima. "Tutarudisha kabla mwenye kiwanja hajajua." Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Watia saini walikuwa watatu, mimi mmojawao, na saini mbili zilitosha. Ziliazimwa milioni tatu. Zilirudi, lakini baada ya miezi mitano, na katika miezi hiyo mwenye kiwanja alipata mteja mwingine na tukaponea chupuchupu. Tangu hapo nashauri saini zote tatu ziwe za lazima, mmoja wa watia saini asiwe mjumbe wa baraza, na taarifa ya benki ibandikwe ukutani kila mwezi, hiyo yenyewe ya benki, si muhtasari wa mtunza hazina. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa Wakorintho kwa ajili ya Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, na akaeleza wazi kwamba anajihadhari na lawama. Kama Paulo alijihadhari, mimi na kauntabuku yangu ni nani?

Njia ya mkato ilikuwapo, nayo ni mgeni rasmi. Tulishauriwa tumwalike mwanasiasa mmoja aliyekuwa anautafuta ubunge. Angemaliza pengo kwa siku moja. Jirani zetu wa Kenya wana uzoefu mrefu wa jambo hili. Neno lenyewe harambee lilikuwa la watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja, Mzee Jomo Kenyatta akalifanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, na kwa miaka mingi shule na makanisa yakajengwa nalo. Baadaye likageuka jukwaa la kuonesha bahasha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia makanisani. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kuwa fedha zirudishwe. Sisi hatukuwa na ujasiri wa kiaskofu. Tulichoogopa ni kitu kidogo tu: kwamba mraba wa mama wa vitumbua ungemezwa. Kiwanja kingeitwa cha mheshimiwa, na hilo lisingefutika hata kwa hati.

Haya, sasa hati.

Kiwanja kililipiwa, kikafyekwa, tukaanza na choo, kama inavyotakiwa, maana watu watakaosali siku nzima lazima wawe na pa kwenda. Siku moja jioni fundi seremala akaja na futikamba yake. Akapima kutoka bikoni ya mashariki, akahesabu hatua, akasimama ukingoni mwa shimo. Akaniita.

"Mtunza hazina, mita yangu iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa mfukoni risiti, ameikunja ndani ya nailoni, imeandikwa kwa mkono wangu: *Malipo ya mita 5 za kiwanja.* Kisha akaonesha shimo. Safu ya pembeni, upande wa mashariki, mita ya kumi na moja hadi ya kumi na tano. "Mita zangu mmechimba choo," akasema.

Nilitaka kumwambia, mzee, ule ulikuwa mfano tu. Lakini yeye ni fundi. Maisha yake yote, ukilipia mita tano za mbao unapewa mita tano za mbao. Nilimwandikia risiti ya duka, nikampa kalamu achague, kisha nataka aelewe kwamba tulikuwa tunazungumza kwa mafumbo. Na nikajiuliza, yeye na mama wa vitumbua na wale watoto wenye chupa, wamenunua nini hasa?

Kwa sheria ya nchi hii, hakuna anayenunua ardhi yenyewe. Umilikaji wa moja kwa moja ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, pamoja na ile ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, zimesimama juu ya msingi kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachopata ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa matumizi yaliyoandikwa. Kwa hiyo hata kanisa lenyewe halikununua udongo. Lilipata haki, na haki hiyo lazima iandikwe kwa jina la mtu. Hapo ndipo pa hatari kuliko bei, kuliko dalali, kuliko hata barabara.

Naujua usharika mmoja, si wetu, ambao kiwanja chao kiliandikwa kwa jina la mchungaji mwanzilishi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka, kanisa halijasajiliwa, na mchungaji alikuwa mtu mwema. Akafariki. Watoto wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na katika orodha ya mali ya marehemu kikawamo kiwanja chenye kanisa juu yake. Waumini waliwatukana sana wale watoto. Mimi siwezi. Karatasi ilisema ni cha baba yao, na wao hawakuwahi kuona manila.

Dawa yake ipo, nayo ni ya zamani. Iko Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, inasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wadhamini wakisajiliwa wanakuwa chombo kimoja kisheria, chenye lakiri yake, kisichozeeka, kisichooa, kisichorithiwa. Akifa mdhamini mmoja anachaguliwa mwingine, na hati haiguswi. Kwetu sisi ambao usharika haujitegemei kisheria, wadhamini ni wa dayosisi. Na hapo ndipo manung'uniko yanapoanza: tumechanga sisi, jina la makao makuu! Nimeyasikia mpaka kwenye misiba.

Manung'uniko hayo si ya kijinga. Uskoti mwaka 1900 makanisa mawili makubwa yaliungana, na kikundi kidogo cha Free Church kikakataa muungano. Kikaenda mahakamani kudai kwamba mali zilichangwa kwa ajili ya imani ya zamani, na walioibadili hawana haki nazo. Agosti 1904 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likakipa kikundi kile mali zote: makanisa, vyuo, akiba. Walikuwa wachache kiasi kwamba wasingeweza hata kuyafagia majengo hayo, ikabidi Bunge litunge sheria mwaka 1905 ili mali zigawanywe. Majaji hawakuuliza nani wengi, wala nani alichanga zaidi. Waliuliza zilitolewa kwa kusudi gani na nani aliwekwa azishike.

Ndiyo maana nasema waumini waambiwe kabla ya shilingi ya kwanza. Si baada ya manila kujaa. Waambiwe: hati itaandikwa kwa jina la wadhamini fulani, usharika ukigawanyika kiwanja kitabaki kwao, ukihama hurudishiwi, ukifa watoto wako hawarithi. Mtasema wengine watakataa kutoa. Watakataa, ndiyo. Heri wakatae mapema kuliko kuja na futikamba.

Na lugha nayo tuiangalie. Neno "nunua" ni la dukani. Tulilipeleka madhabahuni kwa sababu lilikuwa tamu, na likafanya kazi. Baadaye risiti zetu tuliziandika: *Sadaka kwa ajili ya kiwanja, sawa na thamani ya mita 5.* Ni ndefu, haina utamu, na ndiyo sahihi. Sadaka si hisa. Barnaba alipouza shamba lake aliiweka fedha miguuni pa mitume na hakudai risiti ya sehemu yake katika kanisa la Yerusalemu.

Lakini mtu asifikiri kwamba karatasi ni mambo ya serikali tu na Biblia haina habari nazo. Ibrahimu alipotafuta pa kumzika Sara, Efroni Mhiti alijitia kumpa pango bure. Ibrahimu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji, langoni, na mipaka ya shamba na miti yake ikatajwa. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, mji umezingirwa na adui, akaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, mashahidi wakasaini, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Upekuzi, mashahidi, nakala, masjala: vyote vimo. Sijawahi kusikia sura hizo zikihubiriwa siku ya changizo.

Haya yote ya sheria nilijifunza baada ya swali la mzee, si kabla. Siku ile pembeni mwa shimo sikuwa na jibu. Nilimwambia tutahamisha choo. Akasema hapana, choo kimechimbwa mahali pazuri, udongo wake hautitii, alitaka tu kujua. Akakunja futikamba akaenda zake. Hakuhama kanisa, ila kwa muda mrefu alikuwa akinipa mkono bila kunitazama.

Hati ilitoka baada ya miaka sita, jina la wadhamini wa dayosisi, matumizi ya ibada. Wakati huo mzee alikuwa haamki kitandani. Nilimpelekea nakala. Akaomba miwani, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, na nilijua anatafuta nini. Hakulikuta. Akaniuliza kama kauntabuku bado ninayo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akasema, "Nisomee."

Nikaanza ukurasa wa kwanza. Jina, tarehe, kiasi. Elfu tano. Elfu mbili. Elfu moja na mia tano, kwa simu, saa sita usiku. Watoto, chupa ya nne. Nilipofika jina lake nikasita kidogo, akanipungia mkono niendelee. Jua lilizama ningali nasoma, mkewe akaleta taa. Mahali fulani katikati akafumbua macho, akanizuia.

"Huyo hakumaliza," akasema. "Mita yake ya pili alibakiza elfu saba."

Nikaangalia. Kweli, alibakiza elfu saba.

Kauntabuku yenyewe ni hii hapa mezani, mnaweza kuja kuitazama wakati wa chai. Ukurasa wenye madoa ya mafuta ni wa mama wa vitumbua, alikuwa anapenda kuhakikisha mwenyewe kwamba nimeandika.